Chai ya Misisi Spuni

Nkanka, 4 Februari 2001

Papa yangu,

Nakusalimia sana. Habari ya mgongo? Huku niko muzima, mvua imechelewa kidogo, samaki sambaza inapatikana. Karatasi ikinuka samaki usikasirike: Maman Eugénie muuza samaki anaivusha daraja la mpaka ndani ya kitunga chake, na mimi sina posta nyingine ninayoiamini.

Papa, niko na maneno mawili. La kwanza: bantu ba ofisi bamekuja pale ninapofundisha batoto badogo. Bamesema batoto bajue Kiingereza cha kila siku: mlango, kijiko, habari ya asubuhi. Kiingereza, mimi! Iko batoto wawili bamezaliwa Uganda, bananisahihisha mbele ya benzao. Directrice Mukabalisa, mkubwa wetu, atakuja kutuangalia mwezi wa tano. Asiyejua, kazi basi.

La pili unalijua. Munyemana anataka bazee bake baje kwako kuniomba. Ni muntu muzuri, anacheka polepole. Lakini nimemwambia siolewi kilio cha Maman kikiwa bado wazi, na hapa kwetu kilio hakifungwi kama hatujui marehemu amelala wapi. Vita ilipoingia Bukavu mulitoka wawili. Ulirudi peke yako, valizi mkononi. Huu ni mwaka wa tano sasa.

Amelala wapi, Papa?

Mtoto wako,
Laurence

*

Bukavu, 11 Februari 2001

Mtoto wangu Laurence,

Barua imefika, nimeisoma mara tatu, na paka wa jirani naye anaitaka. Namshukuru Mungu uko mzima. Mgongo wangu ni ule ule, tumezoeana.

Una bahati, binti. Baba yako alifundisha Kiingereza saa mbili kwa juma, miaka kumi na tisa, na wanafunzi walisinzia mpaka nilipoanza kuwachekesha. Mtu hasahau neno alilolichekea. Basi nakutumia michezo. Kuna bwana mmoja, Mista Ambrela, hatoki bila mwamvuli, hata akienda chooni. Mke wake ni Misisi Spuni, mwenye kijiko mkononi kutwa nzima. Mista Ambrela anaingia analia: nyumba ya jirani inaungua! Misisi Spuni anamjibu: “Sit dauni. Drinki yo ti.” Kaa chini, kunywa chai yako. Amefukuzwa kazi, mbuzi amekula suruali yake, jibu ni hilo hilo.

Kiswahili chake nimekiandika pembeni. Mstari wa mwisho wa kila mchezo nimeuacha wazi, uujaze wewe na kunirudishia. Ndivyo nilivyofundisha siku zote. Mwalimu akimaliza kila kitu, mwanafunzi atabaki na nini?

Na uandike “watoto”, siyo “batoto”. Mwalimu mzima!

Lile neno la pili tutaliongea.

Papa yako

*

Nkanka, 9 Machi 2001

Papa,

Salamu kutoka kwangu na kwa batoto (ndiyo, batoto!). Unakula? Maman Eugénie anasema suruali umeifunga na kamba. Nakutumia sambaza kavu, usimpe paka.

Michezo yako inapendwa, weee! Mimi nashika kijiko, Nyiransabimana mwalimu mwenzangu ndiye Mista Ambrela, na mwamvuli tumeazima kwa padri. Nikifungua mdomo tu, batoto banapiga kelele mbele yangu: “Sit dauni!” Juzi mmoja alimwambia hivyo mama yake aliyekuwa anamgombeza, na mama akakaa kweli.

Jioni ukungu unashuka ziwani, bavuvi banaanza kuimba ndani ya mitumbwi, na mimi niko mlangoni narudia maneno yako: windo, spuni, reni. Ng'ambo taa za Bukavu zinawaka moja moja. Kuna saa naona kama Maman iko anatembea juu ya maji na kijiko chake, anatafuta nyumba yetu ni ipi. Siogopi. Natamani tu kumuuliza anatoka wapi.

Nimemjua Misisi Spuni, Papa. Ni Maman. “Kaa kwanza, kunywa chai,” hata ile siku baaskari balipogonga mlango! Unamchezesha, lakini humsemi. Mistari yako nimeijaza yote. Sasa jaza wangu.

Mtoto wako,
Laurence

*

Bukavu, 2 Aprili 2001

Laurence mwanangu,

Salamu fupi, Eugénie amesimama mlangoni ananiharakisha. Sambaza nimekula, paka nilimpa vichwa.

Nakutumia mchezo mmoja. Safari hii sikuandika Kiswahili pembeni, umeshakua. Usome polepole.

Papa yako

*

Nkanka, 28 Mei 2001

Papa,

Sijui nikusalimie namna gani. Maman Eugénie aliugua huko kwenu, wiki saba hakuvuka. Barua yako ilinifikia Alhamisi, na Directrice alikuwa anakuja Jumamosi. Ulisema nisome polepole. Sikusoma polepole. Niliona Mista Ambrela, nikasema aa, ni kichekesho kingine, tukakariri mimi na Nyiransabimana kama kasuku.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Bazazi bote, na Munyemana nyuma kabisa. Nyiransabimana akaingia na mwamvuli, anakokota valizi. Valizi yangu nzito, anasema. Mimi Misisi Spuni namuuliza: ndani kuna nini? Vitabu. Na mke wako yuko wapi? Hapo bantu bakacheka sana, kwa sababu mke wake si ni mimi niliyesimama pale? Anajibu: anatembea polepole, ana homa. Nimemwambia angoje chini ya mti, nitangulize vitabu, nirudi kumchukua.

Na mimi nilicheka, Papa. Nilicheka!

Mti gani? Mti wa kinini, ule wa dawa ya homa, barabara ya Walungu, ukivuka daraja la mbao, upande wa kushoto, mti wa saba. Mti wa saba. Ndipo masikio yangu yakafunguka. Nani anahesabu miti ndani ya kichekesho? Lakini mdomo ulikuwa umekariri, ukaendelea peke yake: ulirudi? Akasema: nilirudi. “Aim sori. Ai wozi leti.” Nimechelewa.

Halafu mstari wangu, ule uliouacha wazi. Nilisimama na kijiko, machozi yananitoka, na ukumbi wote unakufa kwa kicheko, bakifikiri ndiyo mchezo. Directrice amesema najua kuigiza. Kazi nimebaki nayo.

Ni kweli, Papa? Niambie kwa Kiswahili.

Laurence

*

Bukavu, 3 Juni 2001

Mtoto wangu,

Ni kweli.

Mara ngapi nimekaa na kalamu! Kinyarwanda ni lugha ya mama yako, nikiianza tu nasikia sauti yake. Kimashi ni cha mama yangu, aliyenifunza kwamba muntu haachwi njiani. Kwa Kifaransa nilimchumbia. Kiswahili ndicho tulichokulelea wewe. Kiingereza peke yake hakijui lolote juu yetu. Ndani yake mimi ni mzee wa mwamvuli tu, watu wanamcheka, na ni haki yao.

Nilibeba vitabu, nikamwacha mama yako. Nilimwambia ni muda mdogo tu. Yeye akasema, nenda, nitapumzika. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Kufa kwa homa katikati ya miti ya kinini, na mume wake mwalimu! Nilichimba kwa kifuniko cha sufuria. Nilimfunika kitenge chake cha bluu. Nilisali Baba Yetu, nikapotea katikati, nikaanza tena. Kisha nikachukua valizi. Ndilo lililonifunga mdomo, Laurence: ungeniuliza, na valizi? Valizi nilirudi nayo. Iko chini ya kitanda, sijaifungua hata leo.

Kama huwezi kunijibu, usinijibu.

Aliyekuwa papa yako

*

Nkanka, 24 Juni 2001

Papa,

Nakusalimia, na mgongo wako pia. Wiki tatu sikuandika. Ya kwanza nilikuchukia, sitakudanganya, nilikuchukia mpaka chakula kilinishinda. Ya pili nililia. Ya tatu nilijikuta sokoni nachagua sambaza kubwa, zile unazopenda, nikajua hasira imechoka kabla yangu.

Barabara ya Walungu bado ni mbaya, kila muntu anatukataza. Siku vita itaisha tutakwenda wote wawili, Munyemana atabeba msalaba, na miti tutaihesabu pamoja. Lakini sasa najua Maman amelala wapi, na bazee ba hapa bamesema inatosha. Kilio tutakifunga hapa Nkanka, Jumamosi ya tarehe saba Julai. Bazee ba Munyemana batakuja kukaa na sisi, neno lao batalileta baadaye, kwako.

Maman Eugénie atakupitia asubuhi, atakushika mkono darajani. Njoo na valizi. Vitabu tutavifungua hapa, batoto hawana hata kimoja. Na usiweke tena sahihi ya namna ile. Papa ni mmoja.

Nakurudishia mchezo wako, nimejaza mstari wa mwisho. Sikuutafuta sana, Maman alikuwa anausema kila siku. Ukivuka daraja, ukifika mlangoni kwangu na valizi yako, kabla hujasema kitu:

Sit dauni, Papa. Drinki yo ti.

Mtoto wako,
Laurence