Jina la Mume Wangu Limo Kwenye Karatasi ya Kwenda Namugongo

Mei, 1976

Mpendwa Nyanya Alungat, naomba msaada wako, na unisamehe kama maneno ni mengi, maana huku hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi upande wa Tororo, nalima wimbi na mihogo. Mwaka jana wakati wa kuvuna, askari walikuja wakamchukua mume wangu (jina tumelitoa) shambani, mchana, watu wakiona, kwa sababu mtu alisema ana ndugu waliokimbilia Kenya, na tangu siku hiyo sikupata habari, nikienda kuuliza nafukuzwa, mwisho nikapiga magoti nikaweka nadhiri kwamba nikimwona tena akiwa hai nitatembea kwa miguu mpaka Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, sitapanda gari wala baiskeli. Nyanya, baada ya miezi minne akatokea. Lori lililowabeba lilikwama kwenye tope, akaruka, akajificha siku mbili ndani ya mafunjo ya kinamasi, akavuka mpaka. Sasa yuko Busia upande wa Kenya, anatengeneza baiskeli, mimi namtembelea siku za soko nikijifanya nakwenda kuuza mihogo, na nyumbani mama mkwe na mimi tunasema hatujui aliko.

Kikundi cha kigango chetu kinaondoka tarehe ishirini na tano. Desturi yetu ni kwamba kila anayekwenda anamtajia katekista nia yake ya sala, naye anaziandika zote kwenye karatasi moja ya kusomwa kule mbele ya altare, na sisi tumeshika kwamba nia isiyo na jina la mtu haifiki. Zamu yangu ilipofika furaha ilinijaa, nikasema nashukuru kwa ajili ya mume wangu, nikataja jina lake na la baba yake, kwamba alitoka mikononi mwa askari na sasa anafanya kazi salama Busia. Katekista akaandika yote. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani ndipo akili ikanirudia, maana karatasi hiyo itapita kwenye vizuizi vyote vya askari barabarani mpaka daraja la Jinja, na kila mahali wanapekua mizigo.

Naogopa kumwambia katekista alifute jina hilo, kwa sababu kufuta shukrani ni kama kumnyang'anya Mungu nilichompa, naye akiudhika itakuwaje kwa mume wangu? Naogopa kukaa bila kwenda, nadhiri ni nadhiri. Na mume wangu mwenyewe sijamwambia, ana ukali wa mdomo, tena alinionya tangu mwanzo ninyamaze. Nifanye nini?

Mama wa nadhiri, Tororo

NYANYA ALUNGAT ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimesomewa mara mbili, na mara zote mbili nimeshika kichwa. Umeona ulichofanya? Unalia kwamba jina la mume wako limeandikwa, halafu unaniandikia mimi jina hilo hilo, na la kigango, na la fundi anayemfanyia kazi. Nimeyatoa yote, nikabadilisha na miji na kazi yake ili msitambulikane, na barua yenyewe imeingia jikoni kwangu chini ya sufuria. Wala sikungoja gazeti litoke. Apolot anayeuza samaki sokoni amekwisha kukuletea maneno haya kwa mdomo. Ninayarudia hapa kwa ajili ya wengine walioandikisha nia kama wewe, maana najua hauko peke yako.

Pole, mwanangu. Umebeba mzigo ambao wanaume wengi wangeutupa njiani. Lakini furaha imekufungua mdomo, na sasa lazima tuufunge.

Nenda kwa katekista leo, usingoje Jumapili. Usimwambie akate jina kwa kalamu. Jina lililokatwa ndilo askari atakaloliinua juani alisome kwanza. Aandike karatasi mpya nzima, bila jina la mtu yeyote, na ile ya zamani ichomwe mbele ya macho yako, usiondoke mpaka iwe jivu. Akikuuliza kwa nini, muulize yeye atawajibu nini askari wa darajani. Atatafuta kalamu haraka.

Na hilo la kwamba nia isiyo na jina haifiki, nani aliwafundisha? Mimi sijui kusoma hata herufi moja. Nimezika watoto watatu, nikaombea wengine sita wakapona, na hakuna neno hata moja lililoandikwa. Unadhani Mungu anangoja asomewe kama mimi?

Safari usiende mwaka huu. Kwenye kizuizi cha barabarani watakuuliza mume wako yuko wapi, na wewe huwezi kuficha kitu, nimeona. Wenzako wakiuliza, sema mguu unauma. Ufunge kitambaa usije ukausahau ni upi. Kisha nenda ukaungame kwa padri, maana kwenye maungamo hakuna karatasi, umweleze yote. Yeye ana ruhusa ya kukusogezea nadhiri mbele au kukupa nyingine. Wale Mashahidi waliuawa kwa amri ya mtawala. Watashangaa nini wakisikia mama mmoja amechelewa kwa sababu ya askari?

Sasa mume. Unafikiri utamficha mtu jambo linalohusu shingo yake mwenyewe? Siku ya soko inayokuja, uache mihogo, umwambie kila kitu kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa mwingine. Ahame hapo mpakani, asogee ndani ya Kenya, angalau mpaka wasafiri warudi. Baiskeli zinaharibika kila mahali.

Atakasirika. Atakuita mjinga, atauliza ulikuwa na akili gani, atatupa spana chini. Wewe usijibu. Kaa hapo umtazame anavyokugombeza. Huku kwetu kuna wanawake ambao wangetembea mpaka Namugongo na kurudi, miguu mitupu, ili wagombezwe tena na waume zao hata nusu saa.