Dossier Inatembea

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu asubuhi. Baridi ile ya Butembo, ya kuingia mpaka ndani ya mifupa. Nimepanga dossier, majalada ya kesi za kusikilizwa Ijumaa. Kumi na moja. Ile ya Mama Masika nimeirudisha chini kabisa ya kabati, kama kila wiki. Président wa mahakama yetu, jaji mkuu wa hapa, hataki kuiona. Hajasema hivyo. Mwezi wa kumi na moja alisema tu "attendez", ngojeni, tena huku akitafuta miwani yake. Tangu siku hiyo nangoja.

Mama Masika alifika saa tisa, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Mjane kutoka Mbau. Alikimbia vita kule, sasa anakaa kwa dada yake mjini Beni. Marehemu mume wake alimwachia kiwanja hapa mtaani Mususa, na shemeji yake anakijenga kama chake. Ukuta umefika kwenye madirisha.

"Dossier inatembea, Mama," nikamwambia.

Akasema aksanti. Aksanti hiyo imeniharibia siku nzima.

Katungu, mwenzangu wa maigizo, alikuwa kwenye benchi, amekuja kunichukua twende mazoezini. Alisikia yote.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi tena, kwenye salle, ule ukumbi wa Mususa. Kichekesho chetu cha televisheni: mahakama ya kuigiza, kesi za kuku na mipaka. Mimi gitaa, Katungu hatua za kucheza. Tuna sheria moja tu. Kila mtu anaingia mahakamani akicheza, kwa wimbo wake mwenyewe, kabla ya kufungua mdomo. Maneno mtu anaweza kuyapanga nyumbani. Mabega yanamponyoka.

Wakili tumempa miguu mingi: anazunguka, anazunguka, anaishia pale alipoanzia. Jaji nimemtengeneza mimi. Miguu haisogei. Bega moja linapanda, kidevu kinalifuata, macho yanatafuta kamera. Nilimwibia Président. Alicheza hivyo kwenye arusi ya binti ya yule shemeji ya Mama Masika, mimi nikipiga gitaa. Watu walikuwa wamemfanyia bibi arusi mduara. Président akaingia katikati, akampa mgongo, akacheza peke yake. Nilimjua kwa dakika tatu kuliko kwa miaka sita ya ofisi.

Ninamchukia. Basi, nimeandika.

Katungu akauliza: "Na greffier, iko nacheza namna gani?"

Greffier ni karani wa mahakama. Kazi yangu. Nikajibu: "Greffier hapana cheza. Iko naandika tu."

Akaitazama miguu yangu chini ya gitaa. 

Jumamosi, 8 Juni

Tumerekodi. Katungu amempa greffier mchezo bila kuniambia. Anayemwigiza ni mwalimu wa shule ya primaire, mrefu, mwenye aibu. Dossier chini ya kwapa. Anapiga hatua papo hapo, hasogei hata kidogo. Kila hatua ya nne anamtazama jaji kwanza, ndipo anashusha mguu. Kwa hiyo yuko nyuma ya wimbo wakati wote, anaukimbilia.

Nimecheka mpaka nikakosa nota. Niliwazidi wote kucheka. Katungu hakucheka.

Alhamisi, 13 Juni

Kichekesho kimepita kwenye televisheni juzi. Leo wenye pikipiki pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, wanapandisha bega moja, wanaitana "juge", yaani jaji. Nilijisikia mkubwa. Bega hilo linatoka kwangu na hakuna anayejua.

Mama Masika tena. Wamefunga lenta. Bado mabati tu. Wakishaezeka na kuingiza watu, nani atawatoa? Anajua. Najua. Nikamwambia lile neno langu lilelile. Safari hii hakusema aksanti.

Jumapili, 16 Juni

Beni. Joto, vumbi, malori ya kakao. Tumecheza mbele ya watu baada ya misa ya pili, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Jaji akaingia na bega lake, wakapiga makofi. Akaingia mjane. Akaingia greffier, dossier kwapani, hatua papo hapo. Mjane akamuuliza habari ya kesi yake. Mwalimu wetu akamtazama jaji, akashusha mguu, akasema:

"Dossier inatembea, Mama."

Huku hasogei.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Walisimama. Wakaanza kuitikia, "Inatembea! Inatembea!", wakipiga miguu papo hapo, ukumbi mzima. Vidole vyangu vilitoka kwenye nyuzi. Hakuna aliyegundua kwamba gitaa limenyamaza.

 

Jumatatu, 17 Juni

Siku mbaya kuliko zote za kazi yangu.

Mtu alirekodi onyesho la Beni kwa simu. Président ameiona. Amenikuta kwenye corridor, watu wamejaa kwenye mabenchi, akaweka gazeti chini ya kwapa na kuanza kupiga hatua papo hapo. Anatokwa na machozi ya kicheko.

"Greffier! Bamekushika! Ni weye kabisa, mon cher!"

Wakacheka wote. Hata askari wa mlangoni. Halafu akaongeza: "Na ule juge, namujua. Ni mwenzangu mumoja, tulisoma naye. Mutu wa kujionesha sana."

Alisema hivyo bega likiwa limepanda, kidevu kikilifuata. Hapo hakuna aliyethubutu kucheka. Hakujiona. Siku zote hizi nilidhani nimemchoma, kumbe nimemburudisha.

Mama Masika alikuwa mwisho wa benchi. Yeye hakucheka tangu mwanzo. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Ile dossier ya mu kwapa, ni yangu?"

 Niliingia ofisini nikafunga mlango.

Jumanne, 18 Juni

Sikwenda kazini. Nimesema malaria. Uongo.

Nimempigia Katungu kumtukana. Amenisikiliza mpaka nimemaliza. "Bega ya Président uliiba, ukafurahi. Miguu yako nimeiba, unalia. Juu ya nini?"

Nikakata simu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepita kwenye kile kiwanja makusudi. Mabati yamefika. Yamelala chini, mapya. Fundi alisema wanapanda kuezeka Jumamosi.

Naogopa. Président ndiye anayeandika alama zangu za mwaka. Naogopa, na nimechoka kuogopa, na bado naogopa.

Ijumaa, 21 Juni

Kazi ya kuita kesi ni ya greffier. Dossier kwenye liste zilikuwa tisa. Nimeita zote tisa. Président akaanza kukusanya karatasi zake. Nikainuka, nikaenda mpaka kwenye kabati lililo mwishoni mwa salle, nikachuchumaa, nikatoa ile ya chini. Nikarudi nayo mkononi. Siyo kwapani. Nikaiweka mbele yake, nikaita kwa sauti jina la Mama Masika, mbele ya watu wote, naye akiwa kwenye benchi.

Président alinitazama. Bega halikupanda. Nilikuwa sijawahi kuona mabega yake yote mawili yakiwa sawa.

Benchi zilikuwa zimejaa. Hakuwa na njia. Ameahirisha wiki mbili, shemeji aitwe, ujenzi usimame mpaka hapo. Ameyasema bila kuniangalia, nami nimeyaandika. Mwandiko ni mbaya.

Jumatano, 26 Juni

Nimehamishiwa kwenye archives, kwenye majalada ya zamani. Chumba cha nyuma, dirisha moja, panya. Barua inasema ni "kwa mahitaji ya kazi". Kazini hakuna anayenisalimia kwa sauti. Katungu ametuma ujumbe kuuliza kama nitakuja Jumamosi na gitaa. Bado sijajibu.

Mama Masika amekuja kuchukua nakala yake ya ule uamuzi. Mabati bado yako chini. Kesi yenyewe anaweza kushindwa, nami nimemwambia hivyo. Hakusema aksanti, na sikuingoja.

Alisimama mlangoni akifunga vizuri kitenge chake.

"Nilihesabu," akasema. "Kutoka ku kabati mpaka ku meza ya juge, hatua kumi na ine. Kumbe haikukuwa mbali."

Nikamwambia hapana, Mama, haikuwa mbali.