Ripoti juu ya Chupa Moja

Bel-Air, Lubumbashi, 12 Machi 2024

Mupendwa mudogo wangu Jeannot,

Kwa cheo changu cha Yaya, kaka mukubwa wa jamaa, ninatangaza rasmi kwamba leo Jumanne, saa ine na dakika kumi asubuhi, mbele ya dada yetu Simone, binti yangu Nono na kuku mbili za jirani, chupa imefika. Iko moja. Iko nzima. Shangwe ilidumu sekunde ine.

Habari ya huko Ulaya? Baridi imewaachia ao bado inawafungia ndani kama bezi gerezani? Huku tuko. Goti langu la kushoto linatangaza mvua mbele ya radio, na Simone na sukari yake banavumiliana.

Falonne, mutoto wa tantine yetu, aliileta toka huko kwako ndani ya sanduku, imefungwa katikati ya suruali mbili za bwana yake. Akasema: "Yaya Donat, hii chupa imenisumbua kuliko mutoto muchanga kwa ndege." Tumeiangalia sana. Nyeusi, mudomo umezibwa na nta nyekundu kama barua ya gavana. Simone akaizungusha, akasoma: "Onze pour cent? Pombe kumi na moja kwa mia? Hii haiko bière, ni dawa ya kupakaa mugongo!"

Nono akamuambia: "Tantine, bazungu banakunywa kidogo kidogo."

"Basi baite sirop ya kikohozi."

Katika kikaratasi ulichofunga na chupa unaomba niionje, nikuandikie ukweli. Miaka makumi mbili na sita nilionja bière ya brasserie, kiwanda cha pombe, kwa mushahara, na tangu balinipumzisha hakuna muntu anaulizia ulimi wangu. Kwa hiyo nimefurahi, usiambie muntu. Lakini kikaratasi chako kilikuwa cha mistari tatu. Nielezee kwanza: hii bière ni ya nani, na inatafuta nini kwangu?

Ni mimi Yaya wako,
Donat


Liège, 30 Machi 2024

Yaya Donat muheshimiwa,

Salamu nyingi kwako na kwa yaya Simone; asikilize munganga, sukari haina mchezo. Mimi muzima, ni mikono tu imepasuka juu ya maji ya moto.

Bière ni yangu. Mimi njo nilipika. Na sasa nikuambie kitu nilipashwa kukuambia zamani. Tangu 2013 nawaandikia kwamba mimi ni mupikaji wa bière. Sikuwa. Naosha mapipa. Ni mapipa ya mbao yaliyolaza whisky: naingiza maji ya moto, nazungusha, namwanga, nanusa kama iko safi. Miaka kumi na moja. Mwaka juzi patron, mwenye kiwanda, alinikuta kichwa iko ndani ya pipa. Akauliza: "Unasikia nini mule?" Nikajibu: ndizi iliyooza, na chini yake chuma. Akanusa yeye mwenyewe. Kisha akanipa pipa moja dogo, akasema pika yako.

Imelala katika mbao miezi kumi na ine. Tarehe 24 ya mwezi wa tano, bantu batano batakaa mezani bataonja. Bakikubali, bière inaingia katika orodha ya bière za nyumba na mimi naacha kuosha. Bakikataa, patron amesema wazi: pipa lingine hakuna. Niko na miaka makumi tano na mbili, Yaya.

Mimi ladha yake siisikii tena. Nimeionja mara mingi, imekuwa kama sauti yangu mwenyewe. Bazungu ya hapa banasema "intéressant", na sijui kama ni sifa ao ni rambirambi. Weye njo ulinifundisha kwa meza ya Mama, vere tatu za kunywea, zote maji, moja yao na tone la sukari, nitambue ni ile gani, unanipiga kofi kila nikikosea. Ukisema iko muzuri, naipeleka. Ukisema iko na ugonjwa, naimwanga mbele hawajanicheka. Sitauliza muntu mwingine.

Mudogo wako,
Jeannot


Bel-Air, 21 Aprili 2024

Mudogo wangu,

Salamu. Natumaini mikono imeanza kupona. Jaribu mafuta ya mawese kama bazungu banauza. Sisi bazima wote, isipokuwa courant ya umeme, tumeizika mara tatu mwezi huu.

Nimefanya kazi kama zamani. Sikukula. Sikuoga na sabuni ya harufu. Saa ine asubuhi, vere tatu, mukate bila chumvi, maji ya kusukutua. Nono alikatazwa kukaanga vitunguu, akakasirika. Ripoti ni hii.

Macho. Nyeusi, nzito, imevaa vizuri. Povu inapanda haraka na makelele, inashuka haraka vilevile. Ni povu ya kuahidi.

Pua. Mbao, moshi, vanille, zabibu kavu. Utajiri! Harufu ya muntu anayeshuka ndege. Lakini shika vere mukononi dakika tano, ipate joto, na nyuma yake kunatoka karatoni iliyonyeshewa mvua.

Mudomo. Inaingia kwa nguvu, inapiga kifua, inasema niko hapa. Katikati unatafuta ladha ya mukate, ile ndogo ya nyumbani ambayo bière yote inapashwa kuwa nayo. Haiko. Imelala sana katika mbao ya bengine.

Mwisho. Hapa njo nilisikitika. Bière muzuri, ukiisha kumeza, inabaki na weye. Hii, wakati unaihitaji, haiko. Siki kidogo kwenye koo, kisha hakuna muntu.

Hukumu: iko na ugonjwa. Usiipeleke.

Yaya wako,
Donat


Liège, 9 Juni 2024

Yaya Donat,

Salamu. Mimi muzima. Na goti?

Nilikusikiliza. Tarehe 22 ya mwezi wa tano nilimuambia patron naondoa bière yangu. Akauliza juu ya nini. Nikasema Yaya wangu ameionja kule Lubumbashi, amekuta siki. Akasema: "Mimi sikuikuta." Nikamujibu: weye hauna ulimi wake.

Pipa nililifungua kwa mukono wangu. Yote ilienda katika mufereji, na mufereji ukanuka kama Noeli. Mbele haijaisha, patron alichota vere moja. Alikunywa polepole, amesimama. Akaenda zake.

Wiki iliyopita akaniita. Anasema pengine ugonjwa ulikuwa katika chupa yako peke yake, juu ya joto la safari. Anataka kuionja. Kama ni chupa tu njo ilikosa, atanipa pipa lingine. Yaya, nilijaza chupa moja tu, yako. Haiko nyingine duniani. Kama imebaki hata kidole kimoja chini, ifunge vizuri. Falonne anarudi huku tarehe 30.

Neno lingine. Nimesoma ripoti yako mpaka karatasi imelegea. "Wakati unaihitaji, haiko." Mule nilisoma jina langu. Mwezi wa saba wa 2022, wakati Mama alikufa, sikuwa na makaratasi ya kukaa huku. Ningetoka, nisingerudi. Niliona haya kusema, kwa sababu kwenu nilikuwa mupikaji mukubwa.

Mudogo wako,
Jeannot


Liège, 4 Agosti 2024

Yaya, salamu. Uko muzima?

Falonne amefika mikono mitupu. Anasema ulimupa samaki kavu ya Kasenga, ukamubariki, ukafunga mulango. Nilimuuliza juu ya chupa, akasema: "Niliuliza mara mbili. Yaya akaanza kuongea habari ya mvua."

Patron ananiuliza kila Jumatatu. Chupa iko wapi?

Mudogo wako


Bel-Air, 15 Septemba 2024

Mudogo wangu Jeannot,

Salamu. Natumaini afya iko. Huku hakuna mugonjwa. Barua hii nimeianza mara ine na mara ine nimeiwashia makala ya jiko.

Mambo ya makaratasi sikujua. Mimi najua siku ya maziko tu. Nono alikuwa ameinua telefone juu ya kaburi ili sauti yako isikike kwa bantu bote. Ukasema "Mama, ni mimi," na réseau ya telefone ikakatika. Bantu balingoja. Padri akaangalia saa. Mimi njo nilipashwa kuwaambia kwamba imekwisha, barudie nyumbani. Nimebeba ile miaka mbili, na haukuuliza hata siku moja alizikwa na nguo gani.

Sasa ripoti. Vere tatu ni kweli. Mukate ni kweli, na Nono amekasirika mpaka leo. Nilikaa mbele ya chupa. Unajua kwetu: mwenye kuleta kinywaji njo anakunywa wa kwanza, bengine banafuata, ili bajue roho yake iko safi juu yao. Nilingoja kama mujinga, ni kama ungetoka chumbani. Kisha hasira ikanipanda, nikakamata kalamu. Moshi na vanille nilivikisia; pipa yote ya whisky inatoa hizo harufu. Karatoni na siki ni magonjwa niliyoandika miaka makumi mbili na sita, mukono unayajua peke yake. Nta sikuitoboa. Bière yako sikuionja, Jeannot.

Nilifikiri utanitukana. Nilifikiri utapiga telefone na makelele, na mwishowe tutaongea. Haikuniingia kichwani kwamba utamwanga.

Barua yako ya Juni ilipofika, nilienda kwenye kabati kuitwaa. Haikuwamo. Nikamuita Simone. "Ile dawa ya mugongo?" akasema. "Ilikuwa inakaa bure. Niliipikia mbuzi ya bageni." Bageni ya Kasenga, bale balikuja Pentekoste. Nikamuuliza kama alionja mbele ya kumwanga katika sufuria. Akasema hapana, alikuwa na haraka.

Ile mbuzi nilikula pia, sahani mbili, na ya bière yako sikusikia kitu. Simone alikuwa ametia pilipili mingi.

Yaya wako,
Donat