Sweta Katikati ya Joto la Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemnyamazisha msimamizi wetu wa dobi! Mbele ya wateja! Kwa neno moja!

Uongo. Nilikohoa tu. Daftari langu mwenyewe nalo nilidanganye?

Alimwambia binti wa kaunta, "Hilo gauni limekushika panapotakiwa. Hebu geuka tuone." Binti akainamia risiti. Sisi wapiga pasi wawili tukainamia pasi. Eti macho hayana pazia. Na mdomo nao hauna mlango?

Jumanne, 4 Machi

Binti kaja na sweta. La sufi! Humu ndani, pasi zinafuka mvuke! Jasho tiririri mpaka kidevuni. Nikamuuliza, unaumwa, mjukuu wangu? "Siumwi, babu. Nimechoka kukaguliwa." Nimekasirika mpaka nikaunguza taulo la watu.

Alhamisi, 6 Machi

Hapa kwetu nguo ikipokelewa, kasoro zake hutangazwa kwa sauti, mteja asije akatuzulia doa. Basi msimamizi alipoanza tena — "Vua sweta, unatuficha nini?" — nikamvuta upindo wa suruali, nikatangaza: "Suruali moja! Imebana makalio! Zipu inaomba msaada! Doa la chai, paja la kushoto!"

Wateja hoi. Mimi bingwa!

Binti hakucheka. Kaniita pembeni. "Babu, sasa duka zima linazungumzia mapaja. Ndicho ninachokikataa." Mvi zote hizi, nafundwa na mtoto! Na ana haki, ndiyo inayoniuma.

Kisha kamwendea msimamizi mwenyewe. Bila kelele. Akamwambia: nguo zangu na mwili wangu si kazi yako, usivizungumzie tena. Jamaa: "Utani tu, mbona mkali?" Utani gani huo, anacheka mtu mmoja!

Ijumaa, 7 Machi

Lo! Msimamizi kampigia simu mama mwenye dobi. Eti binti ana dharau, aondolewe. Mwizi ndiye anayepiga yowe! Mama anakuja kesho asubuhi kutusikiliza. Mimi nitasema — lakini baada ya lile tangazo la zipu, nani ataniamini peke yangu? Ataona babu kaanza vituko vyake. Binti atafukuzwa hivihivi.

Mpiga pasi mwenzangu anasema hakusikia kitu. Pasi zina kelele. Pasi! Tangu lini?

Jioni nimemfuata kwake. Kasimama mlangoni, hata karibu hakusema. Nikamwambia: ndugu yangu, ulipolichoma koti la bwana harusi, nani alijitwika kosa lako? Nilitukanwa mimi, na ukoo wangu, wewe umetulia unakunja mashuka. Sijadai hata asante. Leo nadai kitu kidogo. Kesho mama akikuuliza, usiangalie pasi. Mwangalie yule mtoto, useme ulichosikia. Hilo tu, ndugu yangu. Hilo tu — sasa mbona unafunga mlango?