Picha ya mzimuni

Moza, upo? Mjukuu wangu Rahila karudi kutoka Makangale sasa hivi. Viatu hajavua, kakaa hapo kizingitini.

Miti ya mzimuni wameikata. Yote, shoga yangu. Pale tulipokuwa tukipita mbio utotoni kwa kuogopa mashetani.

Si unajua Rahila kazi yake kuchora ramani za miti adimu. Basi mwezi uliopita alirusha kile kidege chake cha kupigia picha, akawaonesha wanakijiji picha za mzimuni ukutani pale skuli. Alitaka waipende, maana mingine haipo tena mahali pengine Pemba nzima.

Wao wakaona jambo moja tu, kuwa mle hamna shetani. Miti mitupu.

Leo kakuta visiki. Jabir mpasua mbao kamchekea, eti, "Ahsante mwanangu, wewe ndiye uliyetutoa hofu. Wazee walituchezea."

Wewe ndiye uliyetutoa hofu. Kamwambia hivyo usoni, Moza.

Rahila hakulia. Kashika simu tu, picha bado imo, kijani kitupu. Mara kaniuliza, "Bibi, wale mashetani watarudi?"

Nimemwambia, mjukuu wangu, warudi wakae wapi.