Pale pa Kuitikia, Mama

Mama yangu mpenzi,

Mvua imeshinda ikinyesha hapa Mount Druitt, huku ugenini, nami nimekaa na chelo yangu, ile fidla kubwa uliyowahi kuniuliza kwa simu, "Huyo ndama utamkumbatia hadi lini?" Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma.

Unakumbuka jikoni kwa masista? Nimekaa juu ya gunia, wewe ukipika maharagwe, na Sista wa Ayalandi anaanza yale maombolezo ya kwao ya Ijumaa Kuu, Bikira Maria akimlilia mwanawe msalabani. Kila mstari ukiisha, ilikuwa zamu yako kuitikia "ole wangu" kwa lugha yao, ambayo hukujua zaidi ya hapo. Nawe ulichelewa kila mara, maana lazima kwanza ukoroge sufuria. Sista alinyamaza akakungoja.

"Maria hana haraka," alikuwa akisema. "Maharagwe yasiungue."

Maombolezo hayo ndiyo nimekuwa nikiyapanga yapigwe na chelo peke yake. Sauti ya Sista niliiweka kwenye uzi wa juu bila shida. Yako ndiyo iliyonitesa. Niliiweka kwenye uzi mnene wa chini, ikaitikia papo hapo, safi kabisa, wala sikukusikia humo. Mazishi yako niliyakosa kwa sababu ya viza, Mama. Sikutaka nikukose na hapa pia.

Basi nikaifuta. Mahali pake nikaacha kimya, kirefu cha kutosha kukoroga sufuria.

Ijumaa Kuu nikapiga kanisani kwetu, ambako kina mama wengi ni wa Kongo. Mstari wa kwanza ulipoisha niliinua upinde, nikangoja. Mara mama mmoja nyuma akasema kwa sauti nzito, "Ole wetu." Mstari wa pili ulipoisha, benchi lao zima likaitikia, kwa kuchelewa kidogo, kama wewe.

Baada ya ibada mama yule wa kwanza alinishika mkono. "Pardon, mwanangu. Uliacha fasi, tukajibu."

Nililia mbele za watu, Mama, wala sikuona haya.

Lakini leo napiga peke yangu chumbani, na pale pa kuitikia pananyamaza. Nainua upinde, nakungoja. Koroga tu, Mama. Sina haraka.

Ni mimi,
kitindamimba wako