Ndege wa Langoni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kwenye mtihani nimekuwa wa pili, na bustani yetu sasa ina ndege wengi. Niliwawekea beseni la maji na mtama karibu na lango, makusudi. Baba akirudi amelewa, wanaruka wote kwa pamoja, na Mama anawahi kujifungia chumbani.

Jumamosi Baba aligundua. Aliwatazama wakiruka, akasikia komeo la Mama, akacheka.

"Kumbe umeniwekea walinzi, mwanangu?"

Akachukua jembe, akamponda kinda wa njiwa aliyechelewa kuruka, kisha akauvunja mlango kwa jembe hilohilo. Mama amevunjika mkono na meno mawili. Anataka niseme aliteleza bafuni.

Sitasema hivyo, Shangazi. Wewe ndiye dada mkubwa wa Baba, na sijaona mtu mwingine anayeweza kumnyamazisha. Tafadhali usipige simu, maana atajua ni mimi. Njoo Alhamisi asubuhi, akiwa kazini. Nimeshafunga nguo zetu kwenye mkoba wa shule. Mama bado hajui kwamba za kwake zimo, lakini wewe ukimwambia twende, naamini atasimama.

Ni mimi mwanao, ninayekungoja.